Rimu za spoti: Kwa nini tairi hukwama kwenye mashine na namna ya kulitoa bila hasara

Morogoro. Mwenye Crown, Mark X au Subaru aliyefunga rimu kubwa za spoti ana hofu moja ambayo mwenye gari yenye rimu za kawaida hana: siku ya kubadilisha tairi. Rimu inaingia kwa fundi inang'aa, inatoka na mkwaruzo unaozunguka ukingo mzima. Mara nyingine inatoka safi kabisa, ila tairi ndilo limeumia, na hakuna anayejua.

Hili la pili ndilo baya zaidi. Mkwaruzo unaonekana palepale na watu wanagombana palepale. Tairi lililochanika kwa ndani hulioni. Linafungwa, linajazwa upepo, gari inaondoka kuelekea Mikumi au Chalinze kwa mwendo wa barabara kuu. Barabara ya Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na pale katikati ya tembo na nyati si mahali pa kushuka usiku kutafuta jeki.

Mafundi wengi wa tairi wanaifahamu kazi yao. Shida ni kwamba wengi waliizoea kwenye matairi ya magari ya kawaida na ya mizigo, ambako mtarimbo na nguvu za mikono vinatosha. Tairi la ubavu mfupi kwenye rimu ya alumini ni kitu kingine. Mashine ya umeme ya kubadilishia tairi inasaidia sana, lakini mashine hiyohiyo ina nguvu ya kukata waya wa tairi au kupasua ukingo wa rimu kwa sekunde chache kama imeelekezwa vibaya.

Ubavu wa sentimita 9

Tairi lililoandikwa 195/65R15 lina upana wa milimita 195, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Lililoandikwa 225/40R18 ni pana zaidi, lakini ubavu wake ni milimita 90 tu. Huo ubavu mfupi umetengenezwa uwe mgumu ili gari isiyumbe kwenye kona. Ugumu huohuo unageuka kuwa adha siku ya kulitoa, kwa sababu hakuna nafasi ya kulikunja.

Kwenye mdomo wa tairi, pale linapokaa juu ya rimu, kuna waya wa chuma uliozungushwa mara nyingi. Waya huo hautanuki. Ndio unaolishika tairi lisichomoke gari inapokata kona, na ndio unaozuia upepo wa tubelesi usivuje. Sasa ukingo wa rimu umeinuka karibu milimita 17 kutoka pale mdomo unapokaa. Ukihesabu pande zote mbili, mdomo unatakiwa kuvuka duara lililouzidi kipenyo kwa zaidi ya sentimita 3, na waya haukubali kutanuka hata kidogo.

Unatokaje basi? Jibu liko ndani ya rimu. Ukiitazama rimu bila tairi, utaona katikati pamezama kama mfereji unaozunguka. Tuuite bonde. Mdomo wa tairi wa upande mmoja ukizama kwenye bonde, upande wa pili unapata ulegevu wa kupanda juu ya ukingo na kutoka. Ni kama kuvua bangili inayobana: huivuti pande zote kwa pamoja, unaisukuma upande mmoja kwanza.

Karibu kila kinachoharibika kwenye kazi hii kinaanzia hapo. Mdomo haujazama bondeni, fundi anakanyaga pedeli, mashine inavuta. Kitu kimoja lazima kikubali: ama waya, ama mpira, ama ukingo wa rimu.

Kwanza kutazama, halafu mashine

Kabla rimu haijapanda mezani, fundi anatakiwa kutoa pini ya valvu kabisa, sio kuibonyeza tu kwa msumari mpaka sauti ya upepo inyamaze. Tairi linaweza kubaki na upepo kidogo ambao mkono hauusikii, na bamba la kubonyezea likilikuta hivyo linaweza kuruka. Pini ikitoka, upepo umekwisha.

Vipande vya balansi vinabanduliwa pia, vya nje na vya ndani. Kipande kilichosahaulika upande wa ndani ndicho kinachochimba alumini pale rimu inapobanwa.

Halafu lipo swali ambalo mteja anatakiwa kulijibu mwenyewe: je, gari ina sensa za upepo? Magari mengi yaliyotoka Japani miaka ya nyuma hayana, ila BMW, Mercedes na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani mengi yanazo. Sensa kwa kawaida inakaa ndani ya rimu, imeshikamana na valvu. Valvu ya chuma yenye nati ni dalili ya kwanza, japo zipo sensa zenye valvu za mpira pia. Hivyo taa ya upepo kwenye dashibodi ndiyo ya kuangalia gari inapowashwa. Kama sensa zipo, bamba la kubonyezea halitakiwi kugusa karibu na valvu, chuma cha kunyanyulia hakitakiwi kuingia hapo, na mdomo wa tairi usishindiliwe bondeni juu yake. Sensa ni plastiki na betri. Ikivunjika imevunjika.

Kwa Morogoro kuna jambo lingine la kuangalia. Gari inayopanda na kushuka Milima ya Uluguru, iwe kwa njia ya Bigwa kwenda Matombo na Kisaki au ile ya Mgeta kupitia Mzumbe, inarudi na tope jekundu. Tope linaingia kati ya tairi na ukingo wa rimu, linakauka, linashika unyevu, na alumini inaanza kuota unga mweupe. Tairi la namna hiyo linaganda kwenye rimu kama limepakwa gundi. Lioshwe kwanza, lipigwe brashi kuzunguka ukingo, na maji ya sabuni yaachwe yapenye dakika chache kabla ya kubonyezwa. Mawe ya njia hizo pia hupinda na kupasua rimu, kwa hiyo ufa unatafutwa sasa, kwa mwanga mzuri, mbele na nyuma. Ni heri mteja aoneshwe ufa kabla ya kazi kuliko kubishana baada yake.

Kung'oa mdomo

Hatua ya kwanza ya mashine ni kuubandua mdomo kutoka pale ulipokaa. Tairi linasimamishwa ubavuni mwa mashine, bamba la chuma linasukuma. Kwenye tairi la ubavu mfupi bamba linatakiwa kugusa mpira jirani na ukingo wa rimu bila kuugusa ukingo wenyewe. Likiwa mbali sana, linakunja ubavu katikati na kuvunja nyuzi za ndani. Likiwa karibu mno, linapanda juu ya rimu, na hapo rangi imekwenda.

Kisha linabonyezwa kidogo, linazungushwa, linabonyezwa tena, sehemu tatu au nne mpaka mdomo uachie. Fundi anayetaka uachie wote kwa pigo moja anataka kumaliza fasta, na ndio huwa analiharibu. Pande zote mbili zinafanyiwa hivyo. Mguu na mkono vikae mbali: bamba hilo halitofautishi mpira na kidole.

Asubuhi za Juni na Julai, hasa kwa gari iliyolala juu kwenye baridi ya Mgeta, mpira wa matairi haya unakuwa mgumu zaidi. Kuliweka juani kwa muda kabla ya kazi sio ushamba. Mpira wenye joto unakunjika, mpira wa baridi unachanika.

Rimu ilale upande upi?

Hapa ndipo rimu za spoti zinapowachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Rimu nyingi za kawaida zina bonde lililo karibu na upande wa mbele, ule unaoonekana gari ikiwa barabarani. Ndiyo sababu mazoea ni kuilaza rimu uso ukiwa juu. Lakini rimu nyingine za spoti, hasa zile zilizozama ndani kama bakuli, bonde lao liko karibu na upande wa nyuma. Ukiilaza uso juu, mdomo unatakiwa kusafiri njia ndefu kufika bondeni, ubavu haufiki, na mashine inaanza kuvuta waya.

Kanuni ni fupi: upande ambao bonde liko karibu nao ndio unaokaa juu, hata kama maana yake ni rimu kulala kifudifudi. Fundi anaweza kulijua hilo mdomo ukishabanduliwa, kwa kusukuma tairi na kuchungulia ndani pande zote mbili. Kama rimu inalala kifudifudi, chini ya uso wake kunawekwa kitambaa nene au mpira laini, maana meza ya mashine ni chuma.

Zipo pia rimu zilizoungwa kwa vipande viwili au vitatu, zenye boliti ndogo ndogo nyingi kuzunguka uso. Boliti hizo sio pambo wakati wote, na hazifunguliwi ili tairi litoke. Rimu ya namna hiyo ikifunguliwa na asiyeijua, inaweza isishike upepo tena.

Kucha, sabuni na chuma cha kunyanyulia

Meza ya mashine ina kucha nne. Rimu za chuma hubanwa kwa ndani, kucha zikitanuka. Rimu za alumini zilizopakwa rangi au kung'arishwa ni salama zaidi zikibanwa kwa nje, kucha zikiwa zimevishwa vifuniko vya plastiki. Vifuniko hivi ni vya bei ndogo na huisha haraka, na hapo ndipo karakana nyingi zinapokosea: plastiki imekatika miezi mitatu iliyopita, chuma kimebaki wazi. Mteja hahitaji kuwa fundi ili kuangalia hilo. Anatazama tu kucha.

Kichwa cha mashine, kile chenye umbo la mdomo wa bata, nacho kinavishwa plastiki. Kinatakiwa kukaa juu ya ukingo wa rimu kwa nafasi ya milimita 2 hadi 3, juu na pembeni, bila kuugusa. Mashine iliyochakaa inakishusha kichwa chenyewe taratibu wakati meza inazunguka, ndio maana fundi makini huzungusha rimu tupu mzunguko mmoja kwanza kuona kama kinasugua.

Kilainishi kinapakwa kwenye mdomo wote, kuzunguka, na kwenye ukingo wa rimu. Kinachofaa ni kile cha kazi hiyo, kinachouzwa kikiwa kama krimu au cha kuchanganya na maji. Kikikosekana, povu la sabuni laini linasaidia, na litafutwe vizuri baadaye maana sabuni kali za unga zinakula alumini. Kisichofaa kabisa ni oili chafu, grisi au dizeli. Vinakula mpira, na havikauki. Tairi lililopakwa oili linaweza kuteleza juu ya rimu gari inapokanyaga moto au kufunga breki, na balansi yote inapotea.

Sasa chuma cha kunyanyulia, chenye ala ya plastiki, kinaingia kati ya kichwa cha mashine na mdomo wa tairi. Kabla ya kukilaza, upande wa pili wa tairi, ule ulio mkabala na kichwa, unashindiliwa kwa mikono au kwa mkono msaidizi wa mashine mpaka mdomo uzame bondeni. Hapo ndipo mdomo unanyanyuliwa juu ya kichwa na pedeli inakanyagwa polepole. Mikono inaendelea kushindilia ule upande wa pili muda wote meza inapozunguka.

Mashine ikianza kunguruma kwa kukaza, au mdomo ukikakamaa kama uzi wa gitaa, kazi inasimama palepale. Kwenye mashine nyingi, pedeli ikiinuliwa kwa mguu meza inarudi nyuma. Inarudishwa, mdomo unazamishwa upya, sabuni inaongezwa. Maneno kama “Boss usijali, hii inatoka tu” huku mashine inalia ni ishara mbaya. Tairi lililozamishwa vizuri bondeni linatoka bila kelele, na watazamaji hushangaa ilivyokuwa rahisi.

Mdomo wa chini unafuata njia hiyohiyo: tairi linanyanyuliwa, upande mmoja unazamishwa, wa pili unapandishwa juu ya kichwa. Wengine huuvuta kwa mitarimbo miwili ili wasirudishe kichwa cha mashine. Rimu nyingi huchubuliwa hapo, mwishoni, kazi ikiwa imebaki dakika moja.

Matairi yanayoweza kwenda bila upepo, yanayokuja na baadhi ya BMW, yana ubavu mgumu kupita yote haya. Mashine isiyo na mkono msaidizi haiwafai wenye matairi hayo, na fundi anayesema hivyo wazi na kumwelekeza mteja kwingine amemtendea haki.

Kinachofichika mpaka upepo uingie

Tairi likishatoka na linatakiwa kurudishwa, midomo yote miwili inapitishwa kidole na kutazamwa kwa taa. Mpira ulionyofoka kidogo juu juu si sawa na ule uliochanika mpaka waya unaonekana. Waya ukionekana, ukiwa umepinda au umekatika hata uzi mmoja, tairi hilo halirudi barabarani, hata kama kashata zake bado ni ndefu na lilinunuliwa mwezi jana. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Sababu ni hesabu tu. Upepo wa PSI 40 ndani ya tairi la 225/40R18 unasukuma ubavu mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 3. Waya wa mdomo ndio unaoushikilia mzigo huo. Ukiachia wakati tairi linajazwa, tairi na rimu vinaruka, na aliyeinama juu yake ndiye anayepigwa.

Kwa hiyo fundi anajaza akiwa amesimama pembeni, kwa bomba refu lenye kishikio kinachong'ata valvu chenyewe, huku akisoma geji. Mdomo unatakiwa kuruka na kukaa kabla ya PSI 40. Ukifika 40 haujakaa, upepo unatolewa wote, sabuni inaongezwa, inaanzwa upya. Kuongeza “kidogo tu” mpaka 50 au 60 ndiko kunakoua watu. Ule mtindo wa kupulizia petroli ndani na kuwasha kiberiti ili tairi lijitanue, ambao vijana huusambaza kwenye simu kama mbwembwe, ni mlipuko usio na geji.

Mdomo ukikaa, pembeni ya tairi kuna mstari mwembamba unaozunguka sambamba na ukingo wa rimu. Umbali wake uwe sawa kuzunguka kote, mbele na nyuma. Ukiingia ndani sehemu moja, tairi halijakaa, na halitakaa lenyewe barabarani.

Matairi mengi ya namna hii yana mshale wa mwelekeo, au maandishi ya upande wa nje. Kosa la kuyafunga kinyume ni la kawaida sana pale rimu ilipolazwa kifudifudi, kwa sababu kichwa cha fundi kimezoea uso juu. Ni vizuri mshale uangaliwe kabla ya kujaza upepo, sio gari ikishashuka jeki.

Kurudisha kwenye gari kuna mambo machache. Nati zinaanza kwa mkono, zinakazwa kwa mtindo wa nyota, moja kisha ya mkabala wake, na mwisho zinamaliziwa kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi ndogo zinataka takriban Nm 103. Bunduki ya upepo ikimalizia yenyewe, inakaza kupita kiasi na kuacha rimu ya alumini na nati zilizoumia. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zinakaguliwa tena kwa spana. Kwa anayetoka Morogoro mjini, hiyo ni Dumila kwa wa Dodoma, na Chalinze kwa wa Dar es Salaam.